Ukumbusho wa Askari na Wapagazi Wetu: Jiwe au Jina?

Msafiri atokaye bandari ya Unguja kwa mashua hasafiri mwendo mrefu kabla ya kukikuta kisiwa cha Chapwani, ambacho wengi hukiita Kisiwa cha Makaburi. Chini ya miti ya kisiwa hicho wamelala mabaharia 24 wa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Pegasus. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari hiyo ilikuwa imetia nanga mbele ya Mji Mkongwe, mitambo yake ikitengenezwa, ilipotokezewa na manowari ya Kijerumani, Königsberg. Mapigano hayakuchukua muda mrefu. Pegasus ilipigwa pigo lisilotibika, na siku ile ile ikazama. Wafu walizikwa, makaburi yakatunzwa, majina yakaandikwa. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na jamaa wa mabaharia wale akitaka kujua babu yake amelala wapi, atajibiwa.

Sina ugomvi na makaburi yale. Waliolala pale walikuwa vijana wa watu, nao walifia mbali na makwao. Lakini kila nikipita karibu na Chapwani humkumbuka marehemu bibi yangu, mzaa mama, ambaye katika kila khitma ya ukoo wetu alikuwa akitaja majina ya wafu wake mmoja mmoja ili waombewe. Mwishoni alikuwa akimtaja kaka yake mkubwa, aliyechukuliwa wakati wa vita vya Mjerumani akapelekwa Bara kubeba mizigo, asirudi. Hapakuwa na barua, wala kaburi, wala mtu aliyeleta habari za mwisho wake. Palikuwa na jina tu, na jina lile lilikaa katika ulimi wa dada yake kwa zaidi ya miaka hamsini.

Makala hii inahusu watu wa namna ya yule ndugu, na inauliza swali moja: iwapo jamii ya visiwani itataka kuwajengea ukumbusho askari na wapagazi wake, ianze na nini?

Ili tulijibu swali hilo, hatuna budi kwanza kukumbuka vita vyenyewe vilikuwaje. Vita Vikuu vya Kwanza katika Afrika ya Mashariki vilianza Agosti 1914, na havikwisha pale Ulaya iliposimamisha mapigano tarehe 11 Novemba 1918, kwani jemadari wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia. Vilitapakaa kutoka Tanga hadi Rufiji, kutoka Kilimanjaro hadi Msumbiji. Katika nchi hizo barabara zilikuwa chache, reli zilikuwa mbili tatu, na mbung'o waliwaua farasi, punda na ng'ombe. Chakula, risasi, mahema, dawa, na hata vipande vya mizinga, vyote vilipita juu ya vichwa vya watu.

Kwa sababu hiyo kila aliyeshika bunduki alikuwa na watu kadhaa nyuma yake wasioshika bunduki. Inakisiwa kwamba wapagazi waliotumikishwa na pande zote mbili wanafikia milioni moja, na wale waliokufa upande wa Waingereza peke yao, kwa hesabu za wanahistoria, wanakaribia laki moja. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu na malaria, njaa na uchovu. Na wengine waliuawa na unga wa mahindi uliopikwa haraka bila ya kuiva, wakala watu ambao kwao walizoea wali au ndizi. Mwanzoni baadhi yao walikwenda kwa kutaka ujira. Baadaye zilitungwa sheria za kuwalazimisha, na mwaka 1917 vita vilipokuwa vikali zaidi, watu walikamatwa vijijini kama wakamatwavyo watoro. Unguja na Pemba nazo zilidaiwa sehemu yao.

Lugha yetu imehifadhi kumbukumbu ya watu hao mahali ambapo wengi hawaitambui. Kikosi cha Wapagazi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, kilipiga kambi Dar es Salaam baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, pale ambapo Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko. Ndimi za Waswahili zikalilainisha jina la kikosi, nalo likawa Kariakoo. Nairobi pia ina mtaa wake wa jina hilo, Kariokor. Kila siku maelfu ya watu hununua nguo, samaki na viazi katika soko la Kariakoo, na hutaja jina la kikosi cha watu waliokufa bila ya kujua kwamba wanalitaja. Kikosi kizima kimebaki katika jina la mtaa, lakini mtu mmoja mmoja hakubaki.

Je, hawakujengewa ukumbusho? Walijengewa. Katikati ya Dar es Salaam, katika mzunguko wa Barabara ya Samora na Mtaa wa Azikiwe, imesimama sanamu ya shaba ya askari, bunduki yake ameielekeza mbele, singe ikitazama upande wa bandari. Watu huiita Sanamu ya Askari, au Sanamu tu. Iliundwa na mchongaji wa Kiingereza, James Alexander Stevenson, ikazinduliwa mwaka 1927. Mombasa na Nairobi nazo zilipata kumbukumbu za jamii hiyo katika miaka ile ile, na ile ya Nairobi inamwonyesha mpagazi akiwa bega kwa bega na wenye bunduki.

Mahali iliposimama sanamu ya Dar es Salaam pana historia yake. Kabla ya Waingereza palikuwa na sanamu nyingine, iliyosimamishwa mwaka 1909, ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani ambaye ndiye aliyeongoza vita dhidi ya watu wa Mrima katika siku za Abushiri. Wissmann alisimama juu, na chini ya miguu yake palikuwa na askari wa Kiafrika aliyeinua macho kumtazama bwana wake. Waingereza waliing'oa sanamu ile, na hatimaye ikapelekwa Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1968. Basi mtu anaweza kusema kwamba kati ya 1909 na 1927 askari alipandishwa cheo: alitoka chini ya miguu ya gavana akapanda juu ya jiwe yeye mwenyewe. Ni kweli, na si jambo dogo. Lakini tuisogelee sanamu tusome maandishi yake.

Maandishi yale yameandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kwa hati ya Kilatini na kwa hati za Kiarabu. Yanawataja askari wenyeji waliopigana, na wapagazi waliokuwa mikono na miguu ya jeshi, na wengine wote waliotumikia wakafa. Kisha yanamalizia kwa ahadi, kwamba mwenye kuipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyo ni nzuri. Ila ukilizunguka jiwe pande zote nne, hutaliona hata jina moja.

Aliyetunga maneno hayo ni Rudyard Kipling, mshairi wa Kiingereza aliyekuwa mshauri wa lugha wa tume ya makaburi ya vita ya dola lao. Wapenzi wa ushairi watanisamehe nikikaa kidogo juu ya mtu huyu, maana kisa chake kina uchungu. Kipling alikuwa na mwana wa pekee, John, ambaye alipotea katika mapigano ya Loos nchini Ufaransa mwaka 1915, akiwa na umri wa miaka 18. Baba alitafuta kaburi la mwanawe miaka na miaka, akafa mwaka 1936 hajalipata. Ndiye aliyechagua maneno yanayochongwa juu ya kaburi la askari asiyetambulika, kwamba Mungu anamjua. Mtu aliyelijua donda la kupotelewa na mwana bila ya kaburi ndiye aliyewaandikia watu wetu ahadi ya majina. Sidhani kwamba alikusudia kudanganya. Lakini mwanawe, ijapokuwa hakuwa na kaburi, aliandikwa jina lake ukutani huko Ufaransa, kama walivyoandikwa wenzake wote. Watu wetu waliandikiwa ahadi badala ya majina.

Jambo hili halikutokea kwa bahati mbaya. Aprili 2021 tume hiyo ya makaburi ya vita, ambayo leo inahudumia nchi za Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti kuhusu mwenendo wake yenyewe, ikakiri na kuomba radhi. Ripoti ilieleza kwamba kati ya watu 45,000 na 54,000, wengi wao wakiwa Wahindi, Waafrika wa mashariki na wa magharibi, Wamisri na Wasomali, walikumbukwa kwa namna isiyolingana na wenzao. Na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Kwa upande wa Afrika ya Mashariki, wakubwa wa wakati ule waliamua kwamba sanamu chache za jumla zingetosha, na makaburi ya Waafrika yakaachwa yamezwe na pori. Hoja yao ilikuwa kwamba watu wetu hawakufikia daraja ya kuthamini jiwe lenye jina.

Msomaji yeyote wa pwani ataiona hoja hiyo kuwa ni kichekesho kichungu. Watu hao hao walikuwa na utenzi. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alivitungia vita vya Wajerumani na watu wa Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akavitungia vita vya Majimaji. Walikuwa na nasaba zinazosomwa vizazi na vizazi, na makaburi ya mawe na nguzo katika miji ya kale. Walikuwa na khitma, ambamo maiti huombewa kwa jina lake na jina la baba yake. Sijui taifa lililoshughulika na majina kuliko sisi.

Hata hivyo, na hapa nakiri kosa ambalo si la Mwingereza, khitma ya bibi yangu niliihudhuria mimi mwenyewe, nikiwa mtoto, na baadaye nikiwa kijana niliyesoma na kuandika. Nililisikia jina la yule ndugu yake mara nyingi. Sikuliandika. Bibi alipofariki, jina lilikwenda naye. Nimewauliza wazee waliobaki. Wanakumbuka kwamba palikuwa na mtu, na kwamba alichukuliwa, basi. Dola ya Mfalme ilimnyima jiwe, lakini aliyempotezea jina ni mjukuu wa dada yake. Nadhani si ukoo wetu peke yetu wenye kisa cha namna hii.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la ukumbusho ni kwamba tuanze na majina, jiwe lifuate. Mnara usio na majina tunao tayari, tena umejengwa kwa shaba nzuri. Tukijenga mwingine wa namna ile, hata kama mkono uliojenga utakuwa wetu, tutakuwa tumeirudia ahadi ile ile na tumeivunja tena.

Wapo watakaosema kwamba muda umekwisha, majina hayapatikani. Januari 2025 mjini Cape Town ulizinduliwa ukumbusho wa Waafrika Kusini weusi waliotumika katika vikosi vya kazi vya Vita Vikuu vya Kwanza wakafia katika bara hili, baadhi yao katika ardhi ya Afrika ya Mashariki. Watu hao walikaa zaidi ya miaka mia bila ya kutajwa, hadi nyaraka zilipofukuliwa makabatini. Leo zaidi ya 1,700 kati yao wana nguzo za mbao za mvule, kila mtu na nguzo yake, na jina lake juu yake. Katika Vita Vikuu vya Pili, mambo yalikuwa yamekwisha kubadilika kidogo. Meli Khedive Ismail iliyoondoka Kilindini kwenda Colombo ilipozamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944, watu karibu 1,300 walikufa, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Waliopotea baharini walikumbukwa kwa majina huko Nairobi. Kaboya, mkoani Kagera, walikozikwa askari wa Tanzania waliokufa katika vita vya 1978 na 1979, majina yameandikwa. Songea, kila mwezi wa Februari, wenyeji hukusanyika kuwakumbuka watu 66 walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, na Nduna Songea Mbano aliyezikwa peke yake. Palipokuwa na nia, majina yalipatikana.

Wapo pia watakaouliza swali zito zaidi: kwa nini tuwaenzi watu waliopigana vita vya mabwana? Mfalme hakuwa wao, na Kaizari hakuwa wao. Ndugu walikutana uwanjani, huyu amevaa sare ya Mjerumani, huyu ya Mwingereza, na aliyeshinda kati ya mabwana hao ndiye aliyetutawala sote. Swali hili ni la haki, na asiyelijibu asijenge mnara. Mimi naona kwamba kumtaja maiti si kuisifu vita iliyomuua. Bibi yangu hakumwombea Mfalme wa Uingereza. Alimwombea kaka yake. Ukumbusho wa jamii unaweza kusema waziwazi kwamba wengi walichukuliwa kwa nguvu, kwamba mishahara ya maelfu waliokufa haikuwafikia warithi wao, na kwamba nchi waliyoambiwa wanaipigania haikurudishwa kwao. Ukumbusho wa dola usingeweza kusema hayo. Wetu unaweza, na kwa sababu hiyo ndiyo unafaa kujengwa na jamii wala usiachiwe dola yoyote.

Sasa nije kwenye umbo lake. Watu wengi wa visiwani, kwa imani yao, hawapendezwi na sanamu ya mwanadamu, na hakuna haja ya kuwakera. Tunazo namna zetu za kumkumbuka maiti. Mtu akifa, wanawe wakiwa na uwezo humchimbia kisima, na kila anywaye maji yale marehemu hupata thawabu. Basi na pajengwe ukuta mfupi wa mawe na chokaa, kimo cha mtoto wa chuoni aweze kuusoma; mbele yake baraza ya kukalia, na pembeni maji ya kunywa. Majina yaandikwe kwa hati mbili kama ilivyo desturi yetu ya zamani: jina la mtu, la baba yake, na kijiji chake. Waandikwe askari na wapagazi pamoja, bila ya kutenganishwa kwa cheo, maana njaa na homa hazikuwatenganisha. Na ukuta uachwe sehemu tupu, kwa ajili ya majina yatakayopatikana baadaye.

Kazi ya kuyakusanya haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari na adabu ya kuwasikiliza wazee. Kila shehia ina wazee waliosikia kutoka kwa wazazi wao ni nani aliyechukuliwa na ni nani aliyerudi akiwa kilema. Nyaraka za Taifa zilizopo Kilimani zinaweza kufunguliwa zikasomwa kwa swali hili mahsusi. Misikiti yetu na vyuo vyetu vilijengwa kwa michango ya watu wa kawaida, huyu kaleta chokaa, yule mawe, yule siku mbili za kazi. Ukuta wa majina hauwezi kutushinda.

Mimi nimeanza na ukoo wetu. Nimenunua daftari, na katika ukurasa wa kwanza nimeandika mwaka, kijiji, na jina la dada yake mtu huyo, ambaye ni bibi yangu. Mahali pa jina lake mwenyewe pako wazi. Nimewaandikia binamu zetu wa Pemba na wa Mombasa, maana huenda katika khitma zao naye alikuwa akitajwa. Nawe msomaji, ikiwa nyumbani kwenu yupo mzee anayemtaja mtu aliyekwenda vitani asirudi, kaa naye leo, umwulize jina, na jina la baba, na uliandike kabla hujainuka.